Barua Iko Mikononi mwa Nani? Uchunguzi wa Hitilafu katika Seva ya Baruapepe Inayoendeshwa na Taasisi Yenyewe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua chanzo cha hitilafu pale taasisi inapojiwekea seva yake ya baruapepe. Mfano unaotumika ni seva ya Debian yenye programu za Postfix na Dovecot. Hoja kuu ni kwamba msimamizi wa seva hana budi kuuliza kwanza ni seva ipi inayobeba dhamana ya barua kwa wakati huo, kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio. Swali hilo hugawa hitilafu katika makundi mawili: zile zinazoacha alama katika daftari la matukio la seva yenyewe, na zile zinazotokea baada ya barua kupokelewa upande wa pili, ambazo hazionekani mpaka ushahidi wake utafutwe nje ya seva.

Utangulizi

Taasisi ndogo, kama vile idara ya chuo, maktaba au asasi ya utafiti, inaweza kuamua kuendesha seva yake ya baruapepe kwa sababu kadhaa: kutaka barua zake zihifadhiwe mahali inapopajua, kuepuka ada inayohesabiwa kwa kila sanduku la barua, au kutotaka mawasiliano yake ya ndani yapitie kwa kampuni ya nje. Ubora au udhaifu wa sababu hizo haujadiliwi hapa. Kinachojadiliwa ni hali inayofuata, wakati programu zote zimekwisha wekwa, hakuna iliyotoa lalamiko, na bado barua hazifiki.

Programu zenyewe si ngeni. SMTP, itifaki ambayo ndiyo lugha ya seva za barua, ilielezwa na Jonathan Postel mwaka 1982 katika waraka wa RFC 821. Waraka unaofuatwa tangu mwaka 2008 ni RFC 5321. Postfix iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa katika kituo cha utafiti cha IBM, ikatolewa kwa umma mwaka 1998. Dovecot, kazi ya Timo Sirainen, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu zilizotumika kwa muda mrefu hivyo hazitarajiwi kumletea msimamizi kasoro ambayo haijawahi kuonekana. Aghalabu kasoro imo katika uhusiano: kati ya programu moja na nyingine ndani ya seva, kati ya seva na mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, au kati ya seva na seva nyingine za ulimwengu ambazo hazina sababu yoyote ya kuiamini.

Katika mifano yote inayofuata, kikoa cha taasisi ni example.org, jina la seva ni barua.example.org, na anwani yake ya IP ni 192.0.2.25. Majina na namba hizo zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya maandishi na hazimwelekezi msomaji kwa taasisi yoyote.

Dhamana ya barua na kuhama kwake

Mazungumzo ya SMTP yanafanana na makabidhiano ya mzigo kati ya makarani wawili. Seva inayotuma hujitambulisha kwa jina, hutaja anwani ya mtumaji, hutaja anwani ya mpokeaji, kisha hukabidhi maandishi ya barua. Kwa kila hatua seva inayopokea hujibu kwa namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Namba inayoanza na 2 ni ya kukubali. Inayoanza na 3 ni ya kuruhusu mazungumzo yaendelee. Inayoanza na 4 ina maana kwamba barua haipokelewi kwa sasa na irudishwe baadaye. Inayoanza na 5 ina maana kwamba haipokelewi kabisa.

Jibu la 250 linalotolewa baada ya maandishi yote ya barua kukabidhiwa ni tofauti na majibu ya 250 yaliyotangulia. Kwa mujibu wa RFC 5321, hapo ndipo dhamana inapohama: seva iliyopokea inalazimika kuifikisha barua au kutoa taarifa ya kushindwa kwake, na seva iliyotuma inaifuta barua katika foleni yake. Katika daftari la matukio la Postfix, hatua hiyo huandikwa status=sent. Wasimamizi wengi wapya husoma maneno hayo kama uthibitisho kwamba mpokeaji ameipata barua. Sivyo. Maneno hayo yanathibitisha makabidhiano peke yake. Barua inaweza kuwa imewekwa katika sanduku kuu, au katika sanduku la barua taka ambalo mpokeaji halifungui kamwe, na seva ya taasisi haina njia ya kujua.

Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi si "nini kimeharibika?" bali ni "barua iko mikononi mwa nani?" Iwapo ingali katika foleni ya taasisi, amri ya postqueue -p itaionyesha pamoja na sababu ya kukwama kwake. Iwapo imekataliwa, daftari litakuwa na status=bounced pamoja na maneno ya seva iliyoikataa, ambayo aghalabu hutaja kosa waziwazi. Iwapo imekwisha pokelewa, hakuna faida ya kuendelea kupekua daftari la seva iliyotuma, na uchunguzi lazima uhamie kwingine. Msimamizi anayeruka swali hili huanza kubadili mistari ya main.cf mmoja baada ya mwingine, na jioni anakuwa na hitilafu mbili badala ya moja.

Barua iliyokwama

Barua iliyopewa jibu la tarakimu 4 hubaki katika foleni na hujaribiwa tena. Kwa mipangilio ya msingi ya Postfix, muda mfupi zaidi kati ya majaribio ni sekunde 300, mrefu zaidi ni sekunde 4000, na barua hukaa katika foleni hadi siku 5 kabla ya kurejeshwa kwa mwandishi. Utaratibu huu una busara yake, maana seva ya upande wa pili inaweza kuwa imezimwa kwa matengenezo. Lakini una upande mchungu: kwa mpangilio uleule wa msingi, kigezo cha delay_warning_time kina thamani ya sifuri, yaani mwandishi haarifiwi kwamba barua yake inachelewa. Mwanafunzi aliyetuma maombi ya ufadhili siku ya Jumatatu, kwa tarehe ya mwisho ya Alhamisi, ataletewa habari ya kushindwa siku ya Jumamosi. Kwa taasisi inayoandikiana na wahariri na wafadhili, kuweka kigezo hicho kuwa saa 4 ni jambo la lazima, hata kama maelekezo mengi ya usanidi hayalitaji.

Si kila kukwama ni hitilafu. Mwaka 2003 Evan Harris alieleza mbinu ambayo kwayo seva humkatalia kwa muda mtumaji isiyemfahamu, ikitarajia kwamba seva halisi itarudi ilhali mitambo ya kumwaga barua taka haitarudi. Jibu lake ni 450 au 451, na dawa yake ni kusubiri.

Hali ni tofauti pale ambapo barua zote, kwa vikoa vyote, zinakwama kwa maneno Connection timed out. Hapa mazungumzo hayakuanza kabisa. Seva za barua huzungumza kupitia mlango wa mawasiliano namba 25, ambao mafundi huuita poti, na kampuni nyingi za kukodisha seva huufunga mlango huo kwa mawasiliano ya kutoka ili kuzuia barua taka. Amazon, Google na DigitalOcean hufanya hivyo katika huduma zao za seva pepe. Amazon hupokea maombi ya kuufungua. Ni muhimu kutofautisha maneno hayo na Connection refused. La kwanza huashiria kwamba ujumbe umemezwa njiani bila jibu, la pili kwamba umefika mahali na kukuta hakuna programu inayosikiliza. La kwanza humpeleka msimamizi kwa kampuni ya seva au kwa programu ya ulinzi inayochuja mawasiliano; la pili humpeleka kwenye seva inayolengwa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba simu za watumiaji huendelea "kutuma" bila shida. Simu haitumii mlango wa 25. Inakabidhi barua kwa seva ya taasisi kupitia mlango wa 587 au 465, na milango hiyo haikufungwa. Mtumiaji huona barua imeondoka, na kweli imeondoka kwenye simu yake. Imelala katika foleni ya Postfix.

Jina linalosomeka pande zote mbili

Seva inayopokea huanza kumtathmini mgeni kabla hajataja barua yoyote. Huchukua anwani ya IP iliyoitembelea, 192.0.2.25, na kuuliza DNS ni ya nani. Rekodi inayojibu swali hilo huitwa PTR. Iwapo jibu ni barua.example.org, seva huuliza tena kinyume chake: barua.example.org ina anwani gani? Majibu mawili yakikubaliana, mgeni amepita hatua ya kwanza. Inafaa pia jina hilohilo liwe ndilo analojitambulisha nalo katika mazungumzo, yaani thamani ya myhostname katika Postfix.

Ugumu wa rekodi ya PTR ni wa kiutawala kuliko wa kiufundi. Haiwekwi mahali ambapo rekodi nyingine za kikoa huwekwa. Mwenye mamlaka juu yake ni mwenye anwani ya IP, yaani kampuni ya seva au ya intaneti, hivyo msimamizi anaweza kupekua jedwali la kikoa chake siku nzima bila kuona mahali pa kuiandika. Kwa muunganisho wa nyumbani au wa ofisi ndogo, ambapo anwani moja ya IP hugawanywa kwa wateja wengi au hubadilika mara kwa mara, rekodi hiyo kwa kawaida haipatikani. Ni bora taasisi ya namna hiyo ikubali mapema kwamba barua zake za kutoka zipitie kwa seva ya mtu mwingine, ikibaki na uhifadhi wa barua peke yake.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Seva nyingi za kukodi hupewa anwani mbili, ya IPv4 na ya IPv6. Msimamizi huandikisha PTR ya IPv4, hujaribu, huona barua zinafika, kisha baadhi zinakataliwa bila mpangilio unaoeleweka. Mpangilio upo: Postfix inaweza kutumia IPv6 pale mpokeaji anapokuwa nayo, na anwani hiyo haina jina. Dawa ni kuandikisha PTR ya pili, au kuweka inet_protocols = ipv4 mpaka hapo itakapoandikishwa.

Barua iliyopokelewa na kunyamaziwa

Kundi la pili la hitilafu ndilo linalostahili hofu zaidi. Barua iliyokataliwa humrudia mwandishi, iliyofichwa haimrudii. Tangu Februari 2024 Google inadai kwamba kila anayetuma barua kwa akaunti za Gmail awe na PTR sahihi, mawasiliano yaliyosimbwa, na angalau mojawapo ya SPF au DKIM. Anayetuma barua zaidi ya 5000 kwa siku anadaiwa zote mbili pamoja na DMARC. Taasisi ndogo haifikii kiwango hicho cha pili, lakini kuwa na tatu zote ni kinga ya kweli, kwa sababu seva mpya haina sifa yoyote ya kuitetea.

SPF ni orodha, ndani ya DNS, ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa. Hitilafu zake mbili za kawaida hutokana na kuongeza bila kusoma kilichopo. Kikoa kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Ya pili ikiongezwa, matokeo ni kosa la kudumu na zote mbili hupoteza nguvu. Pili, waraka wa RFC 7208 unaweka ukomo wa maulizo 10 ya DNS katika kuitafsiri rekodi, na kila huduma ya nje inayojumuishwa hula sehemu ya idadi hiyo.

DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye barua na kuthibitishwa kwa ufunguo wa umma ulio katika DNS. Ufunguo wa biti 2048 una herufi karibu 400, ilhali mfuatano mmoja wa rekodi ya TXT hauwezi kuzidi baiti 255. Lazima ukatwe katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Baadhi ya majedwali ya DNS hufanya hivyo yenyewe, mengine huukatia njiani bila onyo. Kwa hiyo ufunguo usomwe kama ulimwengu unavyouona, kwa amri ya dig, badala ya kuamini kilichobandikwa.

Hitilafu mbaya zaidi ya DKIM, hata hivyo, haimo katika DNS. Postfix ya Debian inaweza kuendesha sehemu zake nyingi zikiwa zimefungiwa ndani ya /var/spool/postfix, na hapo hazioni kilicho nje ya saraka hiyo. OpenDKIM ikiweka soketi yake nje, Postfix haiifikii. Kwa mpangilio wa msingi, kigezo cha milter_default_action kina thamani ya tempfail: barua hukataliwa kwa muda na tatizo huonekana mara moja. Lakini maelekezo mengi ya usanidi yanamwambia msimamizi aweke accept. Akishafanya hivyo, barua huondoka bila sahihi, daftari huandika onyo la mstari mmoja lisilosomwa na mtu, na kila kitu kinaonekana kizima. Kigezo hicho kimegeuza hitilafu inayojitangaza kuwa hitilafu ya kimyakimya. Ni vigumu kuona faida ya ushauri huo kwa taasisi isiyo na mtu wa kusoma daftari kila siku. Thamani ya tempfail iachwe, na soketi ihamishiwe ndani ya saraka inayoonekana.

DMARC huunganisha hizo mbili, na hapa ndipo istilahi huwapotosha wengi. Haitoshi SPF au DKIM ifaulu. Inatakiwa ifaulu kwa kikoa kilekile ambacho mpokeaji anakiona katika mstari wa mwandishi. Barua ina anwani mbili za mtumaji: iliyo juu ya bahasha, inayotumika katika mazungumzo ya SMTP, na iliyo ndani ya barua yenyewe. SPF hukagua ya bahasha. Jarida la chuo linalotuma taarifa zake kupitia huduma ya nje linaweza kufaulu SPF kwa kikoa cha huduma hiyo na bado likashindwa DMARC kwa kikoa cha chuo. Hii ndiyo sababu ya kuanza na sera ya p=none na kuomba ripoti kupitia rua kabla ya kuelekea sera kali. Ripoti hizo, zinazotumwa na wapokeaji wakubwa, ni miongoni mwa madirisha machache yanayomwonyesha msimamizi kilichotokea baada ya dhamana kuhama. Dirisha jingine ni rahisi zaidi: kutuma barua kwa akaunti ya majaribio katika huduma kubwa, kufungua vichwa vyake kamili, na kusoma mstari wa Authentication-Results.

Matengano ndani ya seva

Hitilafu za ndani hazihitaji maelezo marefu, kwa kuwa daftari huzisema zenyewe. Kikoa kilichoorodheshwa katika mydestination na pia katika virtual_mailbox_domains hutoa onyo la wazi. Kiondolewe katika mojawapo. Soketi ya Dovecot ambayo mtumiaji postfix hana ruhusa nayo hutoa Permission denied. Vyeti vya Let's Encrypt vya siku 90 huleta hali ya kushangaza kidogo: cheti kipya kipo katika diski, lakini simu za watumiaji zinalalamika kwamba cheti kimekwisha muda, kwa sababu Dovecot bado inashika kile cha zamani katika kumbukumbu yake. Amri ya kuipakia upya iwekwe iendeshwe kila cheti kinapohuishwa.

Barua ambazo hazikuingia

Upande wa kuingia una hatari mbili zilizo kinyume. Ya kwanza ni seva kupitisha barua za wageni kwa wageni. Postfix imejikinga vizuri tangu toleo la 2.10 la mwaka 2013 lilipoleta kigezo cha smtpd_relay_restrictions, lakini kinga hiyo huvunjwa na mynetworks iliyoandikwa kwa upana. Seva iliyo nyuma ya mtandao wa Docker inaweza kuwaona wageni wote wakiwa na anwani moja ya ndani, na anwani hiyo ikiwa miongoni mwa zinazoaminiwa, mlango umefunguliwa kwa dunia.

Hatari ya pili haijulikani sana. Seva nyingi husanidiwa ziulize orodha ya Spamhaus kuhusu kila mgeni: jibu likiwapo, mgeni hukataliwa. Spamhaus haijibu kwa kawaida maulizo yanayopitia huduma za DNS za umma, kama ile ya 8.8.8.8, badala yake hurudisha 127.255.255.254, ambayo ni taarifa ya kosa la ulizo wala si hukumu juu ya mgeni. Postfix iliyoambiwa tu reject_rbl_client zen.spamhaus.org haitofautishi. Kwake jibu ni jibu, na kila barua kutoka kila mahali hukataliwa kwa namba 554.

Katika hali hiyo taarifa ya kushindwa humfikia mwandishi wa nje, na taasisi haipati chochote. Ndani hakuna anayelalamika, kwani hakuna anayejua kwamba aliandikiwa. Foleni ni tupu, barua za kutoka zinafika, na mtahini aliyetuma maoni yake juu ya tasnifu amerudishiwa. Dalili pekee ni mistari ya NOQUEUE: reject iliyofuatana katika daftari. Dawa ni kuweka ndani ya seva programu yake ya kuuliza DNS, kama vile Unbound, na kuandika majibu yanayohesabiwa kuwa hukumu: zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]. Baada ya hapo barua ya majaribio itumwe kutoka nje, kwa akaunti ambayo haina uhusiano wowote na seva inayochunguzwa.